Heri Seva Iliyogoma Kuliko Seva Inayodanganya

Kuna sentensi moja nimeichoka. Utaisikia popote wanapokaa madevelopa wawili watatu wa hapa kisiwani, iwe barazani Kibokoni au kwa muuza kahawa karibu na Fort Jesus: "Toa huo ukaguzi bana, wapunguza spidi." Husemwa kwa sauti ya mtu ajuaye mambo, na wenzake huitikia kwa kichwa. Mimi leo nasema wazi: mara nyingi sentensi hiyo ni uvivu uliovaa kanzu ya ujuzi. Na gharama yake halipi developa. Hulipa mwenye duka na mteja wake.

Wewe usiyeandika programu usiondoke, jambo hili lakuhusu kuliko unavyodhani. Tovuti nyingi unazotumia hazikuandikwa kutoka sifuri. Zimejengwa juu ya fremuweki, yaani kiunzi ambacho watu wameshakitengeneza: Django, Laravel, Spring Boot na wenzao. Kiunzi hicho hakikujui mpaka ukipe mipangilio. Hifadhidata iko wapi? Nenosiri lake ni lipi? Tovuti yaitwaje? Pesa za M-Pesa ziingie namba gani? Msimbo wote waweza kuwa sawa kabisa, lakini ukikosea herufi moja kwenye mipangilio, kazi imeharibika. Sasa ugomvi wote ni huu: kosa hilo ligunduliwe lini? Seva inapowaka? Kila mteja anapobofya? Au siku mteja anapokuja dukani kugomba?

Watu wa spidi wapenda namba, basi tupige hesabu pamoja. Kuangalia kama thamani kumi za mipangilio zipo, kwamba nenosiri si tupu na anwani yaanza na https, ni kazi isiyofika milisekunde moja kwenye seva ya kawaida. Hata tuseme wewe una ukaguzi mzito wa milisekunde 200. Ukiufanya mara moja tu seva inapowaka, na seva ikakaa macho siku nzima, yaani sekunde 86,400, ni nani atakayeziona hizo milisekunde 200? Lakini ukaguzi huo huo ukiuweka kwenye kila ombi, kila mteja atangoja moja ya tano ya sekunde bure, kila anapobofya, kuthibitisha jambo ambalo halijabadilika tangu asubuhi. Hapo niko upande wako, huo ni upuzi na uutoe leo.

Kwa hivyo mimi sibishani na anayesema ukaguzi una gharama. Nabishana na anayeutoa wote kwa sababu mmoja uliwekwa mahali pabaya.

Halafu tuangalie safari yenyewe. Kebo ya TEAMS, iliyofika Mombasa mwaka 2009, yatoka hapa hadi Fujairah kule Imarati, kama kilomita 5,000 chini ya bahari. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda ni milisekunde 25, kurudi nyingine 25. Hamsini zimekwisha kabla seva haijafanya lolote, na seva yako ikiwa Ulaya, ongeza. Sasa ndugu yangu, umeweka tovuti ya duka la Mombasa kwenye seva ya Ujerumani, picha ya dera moja ina megabaiti nne, halafu waja kuniambia ni ukaguzi wa nusu milisekunde ndio unaochelewesha? Punguza hiyo picha kwanza, kisha tuongee.

Waliotengeneza fremuweki wenyewe walilifikiria jambo hili, na inafaa kujua walivyoamua, maana wengi wetu twazitumia bila kusoma.

Django ina mfumo wa ukaguzi tangu toleo la 1.7 la mwaka 2014. Ukiwa kwenye laptopu yako ukiandika runserver au migrate, yajikagua yenyewe. Lakini tovuti ikishakuwa hewani ikihudumia watu, ukaguzi huo hauendeshwi, na nyaraka zao zasema bila kuficha kwamba ni kwa ajili ya spidi. Wenye haraka walisikia hapo tu. Hawakusoma sentensi iliyofuata, inayokwambia uukague mwenyewe kwa amri. Amri yenyewe ni manage.py check --deploy. Itakwambia kama DEBUG imeachwa wazi, kama ALLOWED_HOSTS ni tupu, kama SECRET_KEY ni dhaifu. Lakini ina mtego. Mambo haya huyaita maonyo, na kwa kawaida onyo halisimamishi kitu. Yaani amri yakupigia kelele, kisha yamaliza kama kwamba mambo shwari, na skripti yako yaendelea kupeleka tovuti hewani huku wewe watazama mpira. Mpaka uongeze --fail-level WARNING ndipo itakataa kweli kweli.

Na hiyo DEBUG nayo ni kichekesho. Ikiachwa True hewani, Django huweka kumbukumbu ya kila swali inaloiuliza hifadhidata, na nyaraka zake zaonya kwamba hilo hula memori ya seva haraka. Juu ya hayo, kosa likitokea, mgeni yeyote aonyeshwa vipande vya msimbo wako. Kwa hivyo yule aliyekimbia ukaguzi wa sekunde mbili ili apate spidi, ameishia na seva nzito na mlango wazi. Kosa la mipangilio lenyewe ndilo lililomuibia spidi.

Tuje Laravel. PHP kwa desturi huiwasha programu upya kwa kila ombi, kwa hiyo kusoma faili za mipangilio kila mara ni gharama ya kweli, si maneno ya barazani. Ndiyo maana kuna amri ya config:cache, inayokusanya mipangilio yote ndani ya faili moja. Ni nzuri, itumie. Lakini ukishaiendesha, faili ya .env haisomwi tena. Kama kuna mahali uliandika env() nje ya faili za mipangilio, na thamani hiyo haipo kwenye mfumo wa seva yenyewe, utarudishiwa null. Hakuna kelele wala ujumbe mwekundu. Kwenye laptopu kila kitu kilikuwa sawa, hewani warudishiwa utupu. Spidi yenyewe imezaa kosa la kimyakimya.

Spring Boot, ambayo mabenki na makampuni makubwa hupenda, iliongeza njia mwaka 2019 kwenye toleo la 2.2: vipande vya programu visiwashwe mwanzoni, viwashwe pale tu vinapohitajika, ili seva iwake upesi. Nyaraka zake zenyewe zatoa tahadhari kwamba tatizo laweza kuchelewa kuonekana. Maana yake ni kwamba kosa ambalo lingemwamsha developa asubuhi, sasa lamngoja mteja wa kwanza atakayegusa kipande hicho. JavaScript nayo ndiyo usiseme. Ukiiambia itunge anwani kwa kutumia thamani ambayo haipo, itaandika neno undefined katikati ya anwani na kuendelea na safari, haina habari.

Yote haya ni maamuzi ya watu werevu, na kila uamuzi una sababu. Lakini mwisho wa siku, fremuweki ikikupa spidi kwa kunyamaza, lazima wewe useme badala yake.

Kwa nini nakazania? Kwa sababu huku kwetu tovuti si gazeti la kusoma tu. Tovuti yapokea pesa. Developa yeyote wa Mombasa aliyeunganisha M-Pesa aijua Daraja ya Safaricom, na aijua orodha: consumer key, consumer secret, passkey, shortcode na CallBackURL. Mteja abofya "Lipa", simu yake yamwuliza PIN, aweka, pesa zakwenda. Kisha Daraja hutuma jibu kwenye ile CallBackURL uliyoiandika, kuiambia tovuti yako kwamba fulani ameshalipa au ameghairi. Sasa kama anwani hiyo si sahihi, Daraja haina kosa. Imepeleka barua pale ulipoiambia ipeleke. Pesa zimefika kwa mwenye duka, ila tovuti haina habari.

Namjua mama mmoja wa Old Town auzaye madera na leso. Siku chache kabla ya Idd, kijana aliyemtengenezea tovuti aliihamishia kwenye seva mpya, "iwe spidi kwa ajili ya msimu." Ikawa spidi kweli, hilo simnyimi. Ila kwenye mipangilio mipya ile anwani ya majibu ilibaki ile ya majaribio, ya laptopu yake, ambayo ilikuwa imeshakufa. Tovuti ikawaka, ikang'aa, ikapokea oda usiku kucha. Watu wakalipa. Tovuti ikawaambia hawajalipa. Wengine wakalipa mara ya pili. Mama yule, na mfungo wake, akakesha na daftari akilinganisha ujumbe wa M-Pesa na majina ya oda, mmoja mmoja, huku simu yalia na kila anayepiga amwita mwizi kwa lugha ya adabu. Kijana alipoulizwa mbona programu haikukataa kuwaka ikiwa anwani si sahihi, alisema aliutoa ukaguzi kwa sababu seva ilikuwa ikichelewa kuwaka. Kisha akaongeza, wallahi: "Lakini mama, si umeona yafunguka chini ya sekunde moja?"

Wazee walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Developa asiyetaka kuona programu yake ikilia mbele yake, kwenye skrini yake, saa nne asubuhi akiwa na chai, amwachia mtu mwingine kilio hicho saa sita za usiku. Na mtu huyo hana hata pa kuangalia, maana hajui .env ni nini.

Nenda Bandari ya Kale uwatazame mafundi wa vyombo. Jahazi hukalafatiwa likiwa juu, maji yamekupwa, fundi apita ubao kwa ubao, mwanya kwa mwanya, asukuma pamba kwa nyundo. Kazi hiyo huchukua muda na nahodha hulipa bila kununa. Likishatiwa majini na tanga limepandishwa, hakuna anayefungua ubao katikati ya bahari kuangalia kama pamba iko. Na hakuna nahodha hata mmoja atakayemwambia fundi, "Acha hiyo mianya, nataka kuwahi upepo." Mafundi hawa wameshajua ukaguzi ukae wapi, na hakuna aliyewapa kozi ya mtandaoni.

Najua majibu yenu, nimeyasikia yote, na mawili ni ya maana.

La kwanza: kuna seva siku hizi hazikai macho, huamshwa mteja anapokuja na kulala akiondoka. Hapo kuwaka hutokea mara nyingi kwa siku, na kila milisekunde ya kuwaka mteja aihisi. Kweli kabisa. Basi sogeza ukaguzi nyuma hatua moja: uendeshwe wakati wa kupeleka tovuti hewani, kwa mipangilio ile ile itakayotumika huko. Ukifeli, toleo jipya lisiende. Mteja hatangoja hata milisekunde moja. Kuusogeza ukaguzi ni jambo jingine na kuufuta ni jambo jingine.

La pili ni zito zaidi. Kuna ukaguzi unaopiga simu nje: seva inapowaka yajaribu kuingia kwenye hifadhidata, yajaribu kuomba tokeni ya Daraja, na kisipojibu kimoja yakataa kuwaka. Sasa mtandao ukikatika dakika tano na seva yako ikajiwasha upya ndani ya dakika hizo, umeifunga tovuti nzima kwa sababu ya jambo la kupita. Hoja hii naikubali. Dawa yake ni kutenganisha mambo mawili. Kilichoandikwa vibaya hakitajitengeneza chenyewe: nenosiri tupu, anwani ya localhost, namba ya majaribio. Kwa hicho, seva igome. Kisichopatikana kwa sasa hivi chaweza kurudi: ngoja, jaribu tena, mtumie developa ujumbe, lakini usifunge duka. Anayechanganya haya mawili ndiye anayeupa ukaguzi jina baya.

Na wala sisemi ukaguzi ni hirizi. Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, kama saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni kwa saa zetu, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika duniani kote kwa karibu saa sita. Wengi wetu twakumbuka, biashara za WhatsApp zilikaa kimya mpaka usiku. Kampuni yenyewe ilieleza baadaye: amri moja ya matengenezo iliangusha mtandao wao wa ndani, na chombo kilichowekwa kukagua amri kama hizo kilikuwa na hitilafu, hakikuisimamisha. Watu wa "toa ukaguzi" hupenda mfano huu, eti hata wakubwa ukaguzi uliwashinda. Mimi nausoma kinyume chake. Ukaguzi nao ni msimbo, wahitaji kujaribiwa kama msimbo mwingine. Mpe mipangilio mibovu makusudi uone kama utagoma. Mlinzi akisinzia humwondoi mlango ukabaki wazi, wamwamsha.

Kuna na wale wasemao, "Hayo ni ya makampuni makubwa, mimi natengeneza tovuti ya duka dogo." Mwanangu, duka dogo ndilo lisilo na watu wa zamu usiku. Kampuni kubwa ikikosea ina timu, ina mawakili, ina pesa za kuomba radhi. Mama wa madera ana daftari na kalamu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo haikusema maduka madogo yaruhusiwa kuacha data za wateja wazi.

Basi fanyeni hivi, na hakuna hata kimoja kitakachokula spidi yenu.

Andika kipande kimoja cha msimbo kinachosoma mipangilio yote mara moja, seva inapowaka. Kila thamani ya lazima isipokuwepo, programu isimame na itaje jina la thamani hiyo. Iseme waziwazi "MPESA_PASSKEY haipo", isikuletee mistari mia ya maneno ya kuogofya.

Kama ni hewani na shortcode ni 174379, ile ya majaribio ambayo kila mtu aliyeigusa Daraja aijua, igome. Kama CallBackURL haianzi na https, au ina localhost, au jina lake si la tovuti yako mwenyewe, igome. Hii ni mistari mitatu minne ya msimbo. Ingemwokoa yule mama.

Ukitumia Django, weka check --deploy pamoja na --fail-level WARNING kwenye skripti ya kupeleka hewani. Ukitumia Laravel, endesha config:cache kwenye laptopu yako pia kabla ya kutoa kazi, uone kitakachovunjika, na env() ibaki ndani ya faili za mipangilio tu.

Kisha, ukaguzi wowote uliouweka ndani ya kila ombi juu ya jambo lisilobadilika, utoe upeleke mwanzoni. Hiyo ndiyo spidi ya kweli mliyokuwa mkiitafuta.

Na wewe mwenye duka, uliyesoma mpaka hapa bila kujua Django ni mtu au ni samaki, nakupa swali moja la kumwuliza kijana wako kabla hujamlipa salio: "Nikikosea namba ya M-Pesa kwenye tovuti hii, itakataa kuwaka au itaendelea kuuza?" Akikwambia itakataa, mwambie akuonyeshe hapo hapo, aikosee makusudi mbele yako. Akikwambia ukaguzi wapunguza spidi, muulize wapunguza milisekunde ngapi. Akikosa namba, salio libaki mfukoni mpaka aipate.